Linda Ronstadt na albamu ya jazi ya 1983: sifa ni za mwimbaji au ni za Nelson Riddle?

#1 Msikilizaji wa Usiku
Wadau, salaam. Wiki hii nimeirudia albamu ya What's New aliyoitoa Linda Ronstadt Septemba 1983, na nimebaki na dai ambalo ningependa mlipime. Huyu dada katika miaka ya 1970 alikuwa mwimbaji wa roki mwenye kujaza viwanja vya michezo kote Marekani. Ghafla akaingia studio na okestra kamili kuimba nyimbo tisa za zamani, takriban zote zikiwa zimetungwa kabla yeye hajazaliwa. Joe Smith, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Elektra, aliogopa kwamba wapenzi wa roki wangemkimbia, na hata Peter Asher, mtayarishaji wake wa siku zote, hakuwa na shauku mwanzoni. Matokeo yake albamu ikatunukiwa platinamu mara tatu, yaani nakala milioni tatu nchini Marekani peke yake. Ninachodai ni kwamba mafanikio yale ni ya Nelson Riddle, aliyepanga muziki na kuongoza okestra. Ukimwondoa Riddle, leo tusingekuwa tunaizungumzia albamu ile. Karibuni mnipinge.

#2 Mwalimu wa Kwaya
Nakupinga mapema kabisa, ndugu yangu. Mimi nafundisha kwaya, na wimbo wenyewe unaoitwa What's New ninautumia kuwaonyesha waimbaji maana ya kubana sauti na kuiachia. Ukiusikiliza kwa makini, maneno yake ni upande mmoja tu wa mazungumzo: mtu amekutana kwa bahati na mpenzi wake wa zamani, anamjulia hali, anamwambia hajabadilika, anaomba radhi kwa kuuliza maswali mengi. Ikifika sehemu ya katikati, ule mwendo wa sauti uliotangulia unarudiwa vilevile, ila umepandishwa kwa nafasi ya nne, na hapo ndipo waimbaji wengi hupayuka. Ronstadt anapanda bila kupayuka, kisha anarudi chini kwenye ubeti wa mwisho kana kwamba amejikumbusha yuko hadharani. Fidla za Riddle ni nzuri, sikatai, lakini hazimfundishi mtu kufanya hivyo.

Isitoshe, kabla ya albamu hii alikuwa ameigiza na kuimba Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York, katika mchezo wa kuimba wa The Pirates of Penzance, kazi iliyomlazimisha kutumia sauti ya juu ya kike kila usiku bila kuitegemea nguvu ya roki. Alikuja studio akiwa amefuzu.

#3 Vidole Kumi
Mwalimu, shikamoo. Naomba nimuunge mkono mleta mada kwa ushahidi mmoja ambao sioni wapinzani wake wakiujibu. Mwaka 1981 Ronstadt alikwisha kurekodi albamu ya nyimbo za namna hiihii chini ya Jerry Wexler, ambaye si mtu mdogo, maana ndiye aliyetayarisha rekodi kubwa za Aretha Franklin kule kampuni ya Atlantic. Albamu ile haikutoka. Mwimbaji hakuridhika nayo, akaiweka kando. Sauti ilikuwa yake ileile, nyimbo za aina ileile, na mtayarishaji hodari. Kilichokosekana ni nini, kama si Riddle?

#4 Kijana wa Mji Kasoro Bahari
Nimefungua uzi huu kwa furaha kubwa nikidhani ni wa Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe. Hata hivyo nimekaa, endeleeni, nasoma.

#5 Vidole Kumi
@#4 Kaa, mkuu. Kiti kipo.

#6 Chati za Zamani
Nachangia upande wa takwimu. Albamu hii ilishika namba moja kwenye chati ya Billboard kwa wiki nyingi, jambo linaloonyesha kwamba umma wote wa Marekani ulikuwa umechoka na muziki wa disko na unatafuta utulivu. Kwa hiyo si Riddle wala si Ronstadt. Ni majira.

#7 Karani wa Santuri
@#6 Haikushika namba moja. Kilele chake kilikuwa namba 3, na waliokuwa mbele yake ni Thriller ya Michael Jackson na Can't Slow Down ya Lionel Richie. Ukizingatia walioizuia, namba 3 ni heshima kubwa, lakini pia inavunja hoja yako ya uchovu, kwa sababu watu walikuwa bado wananunua kwa wingi muziki wa kucheza dansi.

Nikiwa hapohapo, nimsaidie mleta mada kwa jambo moja. Riddle hakukutana na nyimbo hizi kwa mara ya kwanza mwaka 1983. Nyimbo tatu kati ya zile tisa, yaani What's New, Guess I'll Hang My Tears Out to Dry na Good-bye, alikwisha kuzipangia Frank Sinatra katika albamu ya Only the Lonely ya mwaka 1958. What'll I Do ya Irving Berlin aliitumia katika muziki wa filamu ya The Great Gatsby ya 1974, na kazi ile ndiyo iliyompa tuzo ya Oscar. Mtu huyu alikuwa ameishi na nyimbo hizo miaka mingi.

#8 Chati za Zamani
Ahsante kwa sahihisho. Thriller ilitoka Novemba 1982, kwa hiyo nayo ilikuwa na karibu mwaka mzima sokoni. Hoja ya majira naishikilia, nitairudia.

#9 Binti wa Mattrah
Assalaam aleikum. Ninaandika kutoka Muscat. Marehemu baba yangu alikuwa na kanda ya albamu hii kwenye gari, na yeye hakuwa mpenzi wa roki hata siku moja. Jina la Ronstadt hakulijua kabla ya kanda ile. Alichokijua ni Sinatra, kwa sababu ujana wake aliupitisha Zanzibar akisikiliza redio za nje. Siku aliyosikia zile fidla za mwanzo dukani, aliuliza kama ni Sinatra, akaambiwa ni mwanamke, akainunua papo hapo.

Ninachotaka kusema ni kwamba mnabishana kuhusu waliotengeneza na mnawasahau walionunua. Kulikuwa na kizazi kizima cha watu wa makamo ambao maduka ya muziki hayakuwawekea kitu kipya cha kununua tangu miaka ya 1960. Walikuwa na fedha na walikuwa na mashine za kupigia. Mtu wa kwanza mwenye jina kubwa aliyewaletea nyimbo zao zikiwa zimerekodiwa upya kwa ustadi, walimlipa.

#10 Msikilizaji wa Usiku
Dada wa Muscat, ahsante sana, ila umenisaidia mimi. Baba aliuliza kama ni Sinatra. Alichokitambua ni okestra ya Riddle.

#11 Binti wa Mattrah
@#10 Alitambua okestra, lakini kanda hiyohiyo aliendelea kuipiga baada ya kujua kwamba si Sinatra.

#12 Besi ya Mbao
Nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyeuliza swali la awali: hii ni jazi? Mimi ni mpiga besi, hupigia hotelini pwani, na wageni huniomba nyimbo hizi kila mwisho wa juma. Mnapoisikiliza albamu hii, jaribuni kusahau fidla kwa dakika chache na mfuate besi peke yake. Yule ni Ray Brown, aliyekuwa na mpiga piano Oscar Peterson kwa miaka mingi na ambaye aliwahi kuwa mume wa mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald. Kwenye ngoma yupo John Guerin, kwenye gitaa Tommy Tedesco, na kwenye saksafoni wapo Plas Johnson na Bob Cooper. Hakuna mtu mwenye masikio atakayesema hao si wapigaji wa jazi. Tatizo ni kwamba juu yao ameketi mwimbaji anayeimba kila neno mahali palepale lilipoandikwa.

Chukueni Lover Man, mmoja wa zile nyimbo tisa. Mwimbaji wa jazi Billie Holiday aliirekodi mwaka 1944 pamoja na fidla, kwa hiyo msiniambie fidla ndizo zinazoua jazi. Holiday anachelewa nyuma ya mdundo, anakaribia kuachwa, kisha anaingia dakika ya mwisho, na ule uchelewaji ndio upweke wenyewe unaoimbwa. Ronstadt anaimba kwa sauti safi kuliko ya Holiday, anatamka vizuri, anashika sauti kwa usahihi, na hachelewi popote. Ni uimbaji bora, lakini sikuoni kuyumba kwa mdundo. Kwangu mimi ni albamu ya roho ya kisinema iliyopigwa na wapigaji wa jazi.

#13 Mwalimu wa Kwaya
@#12 Hoja yako naiheshimu, lakini unampima kwa jambo ambalo hakulikusudia. Yeye mwenyewe hajawahi kudai kuwa mwimbaji wa jazi. Alichokuwa akikisema ni kwamba nyimbo hizi ni vito vilivyoishia kupanda na kushuka kwenye lifti, vikiwa muziki wa nyuma usiosikilizwa na mtu, na kwamba alitaka kuvitoa humo. Mtu anayetaka kuonyesha jinsi wimbo ulivyotungwa ana sababu nzuri ya kuuimba kama ulivyoandikwa, hasa kwa wasikilizaji wa roki ambao hawajawahi kuusikia. Ukiwayumbishia mdundo kabla hawajaujua, watajuaje umeyumba kutoka wapi?

#14 Besi ya Mbao
Mwalimu, hilo ni jibu zuri kuliko nilivyotarajia. Bado sikubali, lakini nitalifikiria nikiwa kazini.

#15 Mwana wa Ujiji
Samahani kwa kuleta jambo zito. Mwaka 1983 huohuo Ella Fitzgerald alikuwa hai na anaimba. Waimbaji wenzake wa jazi nao walikuwepo: Sarah Vaughan alikuwa hai, Carmen McRae alikuwa hai, Betty Carter alikuwa hai. Ella alikwisha kurekodi I've Got a Crush on You na Someone to Watch Over Me mwaka 1959 katika mkusanyiko wa nyimbo za watunzi ndugu wawili wa Gershwin, na aliyempangia muziki ni nani? Nelson Riddle huyuhuyu. Hivyo hoja ya mleta mada, kwamba Riddle ndiye aliyeuza albamu, haiwezi kueleza kwa nini wale mama walikuwa hawauzi milioni tatu. Kilichouza ni sura changa, jina la roki na rangi ya ngozi iliyopokewa kirahisi na vituo vya redio na maduka. Lover Man na Crazy He Calls Me ni nyimbo ambazo Billie Holiday ndiye aliyezipa uhai, na yeye alikufa mwaka 1959 akiwa hana kitu benki.

Na kwa sisi Waafrika kuna la ziada: mwaka 1983 huohuo Ronstadt alikwenda kuimba Sun City, hoteli ya starehe kule Bophuthatswana, eneo lililotengwa na serikali ya ubaguzi, wakati wasanii walipokuwa wakiombwa kuisusia Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Alilaumiwa sana.

#16 Karani wa Santuri
@#15 Yote uliyoyataja ni kweli na hayapaswi kufutwa. Ila tuangalie upande wa asili yake kwa uangalifu. Ronstadt ni mzaliwa wa Tucson, Arizona, na upande wa baba ana damu ya Meksiko. Luisa Espinel alikuwa dada wa baba yake, naye alikuwa mwimbaji wa nyimbo za Kihispania. Mwaka 1987 Linda akatoa Canciones de mi Padre, nyimbo za Kimeksiko za nyumbani kwao. Ukiziweka albamu hizo mbili pamoja, utaona mtu anayerudi kwenye muziki uliopigwa sebuleni kwa wazazi wake. Mimi naliona hilo kuwa maelezo ya tatu, tofauti na soko na tofauti na Riddle.

#17 Mwana wa Ujiji
Kupenda muziki wa wazazi wako hakubadilishi nani analipwa. Naishia hapo, nisije nikauvuruga uzi.

#18 Chati za Zamani
Narudi kama nilivyoahidi. Kuna jambo ambalo watu wa muziki hawapendi kulisema. Albamu yake iliyotangulia, Get Closer ya mwaka 1982, haikufikia platinamu, wakati kabla ya hapo platinamu kwake ilikuwa jambo la kawaida. Kabla ya hiyo, mwaka 1980, alijaribu mtindo mpya wa wakati ule kwa albamu ya Mad Love. Tunaambiwa alihatarisha kila kitu alipoingia kwenye jazi. Mimi naona mtu ambaye njia ya zamani ilikuwa inajifunga, akaangalia kushoto na kulia, akaona uwanja mtupu.

#19 Mwalimu wa Kwaya
@#18 Kama ni hesabu ya biashara, mbona alianza na Wexler mwaka 1981, kabla Get Closer haijatoka?

#20 Chati za Zamani
Mwalimu, hapo umenibana. Nipe muda.

#21 Msafiri Mwenye Redio
Habari zenu. Mnazungumza kana kwamba Ronstadt ndiye aliyevumbua jambo hili. Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, alitoa Sentimental Journey mwaka 1970. Harry Nilsson alitoa ya kwake mwaka 1973 na mpangaji wake alikuwa Gordon Jenkins, ambaye ndiye mtunzi wa ule wimbo wa Good-bye unaofunga albamu ya Ronstadt. Carly Simon alitoa Torch mwaka 1981. Na juu ya wote yupo Willie Nelson, mwimbaji wa kantri, ambaye Stardust yake ya mwaka 1978 ilikaa kwenye chati ya kantri kwa takriban miaka kumi. Stardust haina Riddle, haina okestra kubwa. Mtayarishaji ni Booker T. Jones na wapigaji ni bendi ya Willie mwenyewe. Iliuza mamilioni. Hivyo dai la #1 linahitaji kupunguzwa makali: okestra kubwa si lazima.

#22 Vidole Kumi
@#21 Umeleta mfano mgumu. Lakini angalia kwamba Willie alizivuta nyimbo zile zikaja kwenye nyumba yake ya kantri, akaziimba kama anavyoimba siku zote. Ronstadt alihama, akaenda kukaa kwenye nyumba ya nyimbo zenyewe. Aliyehama anahitaji mwenyeji, na mwenyeji alikuwa Riddle. Inasimuliwa kwamba aliombwa apange nyimbo chache tu, akajibu kwamba yeye hupanga albamu nzima. Huyo si fundi wa kuitwa kupiga plasta.

#23 Fundi Mitambo
Niongeze la kiufundi kisha niondoke. Ronstadt aliimba pamoja na okestra ikiwa studioni, wakati wenzake wa roki walikuwa wamezoea kuweka sauti wiki kadhaa baada ya ala. Mhandisi wa sauti alikuwa George Massenburg. Ukiimba na wapigaji zaidi ya arobaini wanaokusubiri, unapumua wanapopumua, na hilo linasikika. Wanaosema hakuna uhai wa jazi waisikilize kwa spika nzuri.

Na tazameni jalada. Amelala juu ya satini akiwa na gauni la enzi za kale, na pembeni kuna Walkman, kile kifaa kidogo cha kupigia kanda, na vipokea sauti vyake. Picha ile moja ilimwambia kijana wa 1983 kwamba muziki wa bibi yake unaingia kwenye kifaa chake.

#24 Kijana wa Mji Kasoro Bahari
Nimeitafuta nikaisikiliza yote. Nimependa What'll I Do kuliko nyingine, ule mwendo wa tatu-tatu unatuliza. Ila niulize: waimbaji wa siku hizi wanaofanya hivihivi nao wana Riddle wao?

#25 Karani wa Santuri
@#24 Rod Stewart alianza mfululizo wake wa nyimbo hizi za zamani mwaka 2002, na juzuu ya tatu, ya mwaka 2004, ilifika namba moja na kumpa Grammy. Lady Gaga alitoa Cheek to Cheek mwaka 2014 na Tony Bennett, ikaingia chati ikiwa namba moja, mzee akiwa na miaka 88. Hao hawana Riddle, lakini Gaga alikuwa na Bennett, ambaye naye ni mwenyeji kwa maana ile ya #22. Bob Dylan alitoa Shadows in the Night mwaka 2015 na bendi ndogo, bila mwenyeji, na sauti yenyewe mnaijua ilivyo.

#26 Besi ya Mbao
Dylan anachelewa nyuma ya mdundo. Nasema tu.

#27 Msikilizaji wa Usiku
Ahsanteni nyote kwa mchango. Naomba nilete jaribio ambalo naona linaamua upande wangu. Ronstadt alirekodi albamu nyingine ya nyimbo hizi mwaka 2004, Hummin' to Myself, safari hii na kundi dogo la jazi bila Riddle, aliyekuwa amekwisha kufariki. Haikukaribia hata kidogo mauzo ya mwaka 1983.

#28 Mwalimu wa Kwaya
@#27 Mwaka 2004 alikuwa na miaka 58, na baadaye sote tulijua kwamba maradhi yalikuwa yameanza kumwibia sauti. Mwaka 2013 alitangaza kwamba hawezi tena kuimba. Huwezi kulinganisha.

#29 Chati za Zamani
Jaribio la kweli lipo karibu zaidi. Baada ya What's New walitoa Lush Life mwaka 1984 na For Sentimental Reasons mwaka 1986. Mwimbaji yuleyule, Riddle yuleyule katika zote tatu, na kila iliyofuata ilifika chini kwenye chati kuliko iliyotangulia. Kama sifa ni za Riddle, au kama ni za Ronstadt, kwa nini zishuke? Upya ulikuwa umeisha. Hayo ndiyo majira niliyoyasema.

#30 Karani wa Santuri
@#29 Riddle hakuwa katika zote tatu kwa namna moja. Alifariki tarehe 6 Oktoba 1985 kazi ya albamu ya tatu ikiwa inaendelea, na sehemu iliyobaki okestra iliongozwa na Terry Woodson kwa kufuata karatasi za muziki alizoziandika Riddle. Grammy mbili za upangaji alizipata kwa ajili ya What's New na Lush Life.

#31 Vidole Kumi
Basi tuna albamu moja ambamo nyimbo nyingine ziliongozwa na Riddle mwenyewe na nyingine na Woodson, karatasi zote zikiwa za Riddle. @Fundi Mitambo, wewe mwenye spika nzuri, isikilize usiku huu bila kutazama jalada, utuandikie ni zipi za nani. Ukishindwa kuzitofautisha, mleta mada atuambie kama sifa anazompa Riddle ni za mikono yake au za karatasi zake.

#32 Msikilizaji wa Usiku
@#31 Za karatasi. Lakini asikilize kwanza.